Kadi 412 za Mto Columbia

Septemba 14

Leo asubuhi Aune, ambaye ni mke wangu kwa mwaka wa ishirini na moja sasa, ameniomba kitu ambacho kwa mume mwingine kingekuwa kazi ndogo. Anataka nimtafutie programu ya simu ya kukariri kwa kadi. Kukariri! Ananiomba mimi, Leland Voss, niliyeandika makala kumi na moja dhidi ya kukariri kwenye gazeti la mji huu, niliyeziita shule zetu viwanda vya kasuku na kupoteza marafiki wanne kwa ajili hiyo, wawili kati yao walimu.

Sababu yake haipingiki. Bodi ya marubani wa meli, wale wanaoziongoza meli kubwa mtoni, imefungua nafasi mbili na mtihani ni Desemba 12. Mtahiniwa hupewa karatasi nyeupe zenye kingo za mto tu, kuanzia hapa Astoria mpaka Portland, karibu maili tisini za maji. Humo anachora kwa kichwa kila boya, kila taa, kila fungu la mchanga, vina vya maji, nyaya zinazopita chini, na digrii za kila mahali meli inapogeuka. Nafasi hizi huja mara moja kwa miaka mingi, na aliyetimiza hamsini hapokelewi. Aune ana arobaini na tisa. Kwa miaka kumi na tisa ameendesha tagi, boti za kusukuma matishali ya ngano, mtoni humu, huku akiwapisha njia wanaume waliosimama juu kabisa kwenye meli kubwa. Sasa anataka kusimama huko juu yeye.

"Wewe ni mtu wa kusoma kitu mpaka mwisho," akaniambia. "Zisome hizo programu zote, uzitukane mpaka utosheke, halafu unipe itakayobaki."

Septemba 16

Nimesoma na nimetukana. Ya kwanza ina mbweha anayelia machozi ukikosa siku moja. Mtu mzima anayebeba tani elfu tatu za ngano kwenye ukungu atatishwa na mbweha wa kuchorwa? Ya pili inakupigia tarumbeta kwa kujibu mambo matano. Ya tatu inataka ujiunge na kundi ili ushindane na watu usiowajua, kana kwamba kumbukumbu ni mbio za magunia.

Lakini chini ya takataka hizo kuna wazo moja, na nalazimika kuandika kwamba ni wazo safi. Kila jambo unalojifunza lina siku yake ya kusahaulika. Kadi ikikurudia mapema mno kabla ya siku hiyo, umepoteza muda. Ikirudi baada yake, umeshapoteza jambo lenyewe. Kwa hiyo ukijibu sawa, programu inaisogeza mbele: siku tatu, wiki moja, wiki tatu, miezi miwili. Ukikosea, inairudisha karibu. Mjerumani mmoja wa karne ya kumi na tisa aligundua mwenendo huu wa usahaulifu kwa kukariri silabi zisizo na maana, peke yake, kwa miaka. Nilimsoma zamani nikamcheka. Leo nimemsoma tena na sikucheka sana.

Septemba 19

Mvua ya kwanza. Aune yuko mtoni mpaka Jumapili.

Septemba 22

Nimechagua. Ni programu nzuri kwa macho, inalipiwa kwa mwezi, na ina kipaji kimoja kilichonimaliza: unaipigia picha ramani, yenyewe inakukatia kadi. Inaficha jina la boya, inakuuliza, unagusa, jibu linatokea. Nimetandaza ramani za mto juu ya meza ya jikoni na kuzipiga picha zote kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Kadi mia sita na kumi. Kazi ya miezi nimeifanya kwa saa tano na vikombe vitatu vya kahawa.

Aune aliporudi alizitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama si vizuri azitengeneze mwenyewe. Nikamwambia hiyo ni imani ya watu wanaodhani jasho ni hoja. Alicheka akanibusu kichwani, nikahesabu huo ni ushindi.

Oktoba 3

Asilimia tisini na nne. Anafanya kadi zake kwenye kitanda cha tagi wakati wa zamu ya kupumzika, kisha ananitumia takwimu kama mtoto anayeonyesha cheti chake. Kadi moja tu inamsumbua: taa ya Weller, upande wa kushoto ukipanda mto, kijani, namba 39. Huwaka kila baada ya sekunde nne. Yeye kila mara anasema mbili na nusu. Ameipita taa hiyo labda mara elfu mbili maishani mwake.

Nilimuuliza inawezekanaje. Akasema ukiiona huihesabu. Unaipita.

Oktoba 9

Asilimia tisini na sita. Mvua. Weller: mbili na nusu.

Oktoba 15

Nitaandika kila kitu, maana nisipokiandika leo, kesho nitakuwa nimeshakipamba.

Aune alitaka mtu wa kumtahini kwa karatasi nyeupe. Marubani walio kazini hawaruhusiwi kuwasaidia watahiniwa. Mstaafu mmoja tu ndiye aliyekubali, na katika wastaafu wote wa mto huu lazima awe Orrin Tveit. Bwana Tveit alikaa miaka minane kwenye bodi ya shule za mji, na kila mara alipiga kura watoto waendelee kukariri jedwali la kuzidisha. Miaka tisa iliyopita nilimwita kwenye safu yangu "kasuku wa mtoni". Tangu hapo tukikutana dukani anageukia rafu ya sabuni.

Amekuja saa tatu asubuhi na karatasi zimeviringishwa ndani ya koti lake la mvua. Akasimama mlangoni, akaitazama kabati yangu ya vitabu kutoka juu hadi chini.

"Mwandishi," akasema. "Kasuku wako amefika. Kuna kahawa?"

Nikampa kahawa. Aune akakaa, akachonga penseli tatu, akaanza. Kwa nusu saa nilijawa na fahari. Mkono wake ulikwenda kutoka gati za Astoria, ukapita Tongue Point, ukaweka maboya kama mtu anayetandika sahani mezani. Tveit alikuwa anakula mkate wa iliki na kutazama ncha ya penseli.

Karibu na Pillar Rock penseli ikasimama.

Nilidhani anafikiri. Dakika mbili zikapita, kisha nne. Mvua ilikuwa inapiga dirisha, na Aune alikuwa amekodolea ile karatasi nyeupe kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta samani zimehamishwa. Tveit akamuuliza kwa upole ambao sikuutegemea anasubiri nini.

"Nasubiri duara la kahawa," akasema.

Tveit hakuelewa. Mimi nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Siku ile ya Septemba niliweka kikombe changu juu ya ramani. Kikombe kikaacha duara, na duara hilo linaanzia hapohapo, chini kidogo ya Skamokawa, mpaka kichwa cha Kisiwa cha Puget. Kila kadi ya sehemu hiyo ina kitao chake cha kahawia, kipande cha duara hilo. Kitao kinene ni boya moja, chembamba ni jingine, mahali kinapokatika kuna waya. Juu zaidi kuna mkunjo wa ramani, na karibu na Kalama kuna alama ya kidole changu chenye jamu. Aune hakuwa na habari kwamba anasoma madoa. Jicho lake lilichukua njia fupi bila kumuuliza, kama macho yote yafanyavyo. Asilimia zile tisini na sita alizipata jikoni kwangu. Hakuzipata mtoni.

Tveit akaomba simu. Akapitia kadi kumi, akiishika mbali na macho. Kisha akairudisha mezani, uso chini.

"Mwandishi, umemfundisha mkeo meza yako."

Nikamwambia amesema kweli. Hilo halijawahi kutokea katika nyumba hii na Aune alilitambua, maana alinitazama kama anayetaka kulikumbuka.

Oktoba 16

Nilikuwa tayari kulaumiwa. Nilikuwa nimeandaa hata utetezi, tena mzuri. Aune akawasha sauna, kile chumba chetu cha mbao chenye mawe ya moto, tukakaa kwenye mvuke, na utetezi wangu ukayeyuka bila kutumika. Nilipomwambia nimempotezea wiki tatu, akasema zimebaki nane, na kwamba mtu akikwamisha boti kwenye fungu la mchanga hakai pale kulijadili fungu.

Nikasema, nimekuharibia.

"Umeniharibia kadi," akasema. "Mimi nipo. Mwaga maji kwenye mawe."

Oktoba 18

Tumekwenda kwa Tveit. Ametuonyesha mkebe wa bati ambao hapo zamani ulikuwa wa biskuti. Ndani kuna kadi za karatasi zipatazo mia tatu, zimegawanywa kwa vipande vya kadibodi katika vyumba vitano. Ukijibu kadi sawa inahamia chumba cha nyuma. Ukikosea inarudi chumba cha mbele. Cha mbele alikifungua kila siku, cha nyuma mara moja kwa miezi mitatu. Ni wazo lilelile la programu zote nilizozitukana, na mzee huyu aliliendesha kwa kadibodi na kamba ya viatu, miaka thelathini na tatu, mpaka siku aliposhuka meli ya mwisho.

Nilichukua kadi moja. Hakuna picha. Upande mmoja kuna swali moja kwa mwandiko mdogo: umeiacha taa fulani nyuma, unageuka digrii ngapi? Upande wa pili kuna namba. Swali moja, jibu moja. Nilimuuliza kwa nini hakuweka ramani.

"Nikiweka ramani, nitaitazama," akasema.

Nimesoma wanafalsafa wa elimu wa mabara matatu, na sikumbuki wapi walilisema jambo hilo vizuri zaidi.

Akampa Aune masharti mawili. Kadi zake azitengeneze mwenyewe, kila moja, kwa maneno yake. Na asigeuze kadi yoyote kabla ya kuchora jibu kwa mkono kwenye karatasi.

Mkebe wenyewe alikuwa tayari kutuazima, lakini Aune anaishi nusu ya mwezi kwenye kitanda cha tagi kinacholowa. Kwa hiyo narudi kwenye programu. Safari hii nimeuliza maswali matatu tu. Je, inamwacha mtu aandike kadi yake mwenyewe bila kumsaidia? Inafanya kazi pasipo mtandao? Na ikifa kampuni, kadi zinabaki mikononi mwake?

Maswali hayo yamezifagia zote ila moja. Sura yake ni mbaya, rangi ya kijivu kama ofisi ya ushuru. Ni ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea ambao hawatapata hata shukrani. Haina mbweha. Ina vitufe vinne vya kujipa alama mwenyewe: Tena ukikosea, kisha Ngumu, Sawa, Rahisi. Niliipuuza Septemba kwa sababu haikunifurahisha, mimi ninayewatukana wasomaji wangu kila wiki kwa kutaka kufurahishwa.

Oktoba 26

Kadi 140. Mkono wa Aune una wino mpaka kiwikoni.

Novemba 2

Kadi 412, na amesema zinatosha. Mia sita na kumi zangu zilibeba mto mdogo kuliko hizi.

Novemba 10

Dhoruba. Maji yamepanda, magogo yanateremka, na tagi ya Aune ilifungwa gatini Longview siku tano wakikesha kushikilia matishali yasikatike. Hakufungua kadi hata moja. Amerudi leo na programu inamsubiri: kadi 263 za siku hizo tano. Mtu akiona namba kama hiyo anataka kutupa simu mtoni.

Nikampa akili yangu. Nilishasoma kwamba watu wa kadi wanairudisha nyuma saa ya simu, programu inadhani bado ni Jumatano, rundo linayeyuka. Nilimweleza kwa ufasaha.

Alikuwa anavua viatu. Akanitazama, na soksi moja mkononi. "Nimdanganye nani, Leland? Simu?"

Akala supu ya samaki, akakaa mezani, akachora na kugeuza kadi mpaka saa tatu. Sitaisahau hiyo saa moja na nusu ya mwisho niliyomtazama. Anachora. Anageuza. Kwa umbali nilipokuwa niliona pale alipokosea kwa digrii mbili tu, kosa ambalo mimi ningelisamehe na kubonyeza Sawa. Akabonyeza Tena. Hakuna mwalimu chumbani, hakuna wa kumpa alama, na mume wake anajifanya kusoma gazeti. Akabonyeza Tena mara hamsini na nane usiku ule. Nilizihesabu.

Nimewaita wanaokariri watu wavivu wa akili kwa miaka ishirini na mbili. Uvivu uko wapi hapo?

Novemba 11

Weller: mbili na nusu. Tena.

Novemba 19

Nimejaribu mwenyewe. Nilichukua karatasi nyeupe nikachora mto ninaouona kutoka dirishani kila siku ya maisha yangu ya utu uzima. Tveit, ambaye sasa huja Jumatano bila kualikwa, aliukagua mchoro wangu kwa heshima zote. Akasema meli imefika salama, isipokuwa imefikia kwenye zizi la ng'ombe la mtu fulani kule Cathlamet.

Tumebishana kuhusu shule mpaka chakula cha jioni. Ananiudhi kwa kiwango cha juu. Nikamwomba abaki kula.

Novemba 28

Leo Tveit amemtahini Aune kwa mara ya mwisho. Amechora maili tisini kwa saa saba. Makosa manne. Tveit alimrudishia mchoro, akamwita kwa jina la ukoo wa baba yake, "Binti Rautio, baba yako alitega samaki mto huu miaka arobaini na hakuujua hivi." Kisha akavaa koti haraka akaenda zake. Aune alikaa na ile karatasi mapajani mpaka giza likaingia, nami sikuwasha taa.

Moja ya makosa manne lilikuwa Weller.

Desemba 4

Nimepeleka makala yangu gazetini. Sikuomba radhi kwa yote. Bado nasema shule inayomjaza mtoto majibu ili ayatapike Ijumaa na kuyasahau Jumatatu inamwibia utoto wake. Lakini nimeandika kwamba kwa miaka mingi nilipiga risasi kwenye kichaka kizima kwa ajili ya mnyama mmoja. Kosa la shule zile ni kwamba hazikuwa na nia watoto wakumbuke. Mhariri amenipigia akauliza kama naumwa.

Desemba 9

Mvua. Amefanya kadi zake. Hataki kuongea, na mimi nikamchongea penseli.

Desemba 12

Mtihani uko nyuma ya mlango mmoja wa kijivu na mimi niko ndani ya gari nje yake. Nimekaa hapa tangu saa mbili asubuhi. Saa tano Tveit alifungua mlango wa gari, akaingia na mkate wa iliki ndani ya taulo, akakaa. Hatukubishana. Alisema tu kwamba katika mtihani wake, mwaka aliofanya yeye, mtahiniwa mmoja alisimama katikati, akatoka, akaenda moja kwa moja nyumbani, na hakuwahi kuuzungumzia tena mto.

Nikamwambia asinisimulie hadithi za namna hiyo. Akasema sawa, akanikatia mkate.

Saa kumi na nusu Aune akatoka. Alitembea kwenye mvua bila kuvuta kofia. Akaingia kiti cha nyuma, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Tulimsubiri wote wawili kama mbwa.

"Nne," akasema. "Nimeandika nne."

Mengine hakusema. Matokeo ni kesho.

Desemba 13

Simu imelia saa nne na dakika kumi. Aune alisikiliza amesimama, mkono mmoja kwenye kiti. Akasema ndiyo mara tatu na asante mara moja, akaikata.

"Wamenichukua," akasema.

Nilimkumbatia na nikasema mambo mengi ambayo siyaandiki. Nilimpigia Tveit. Akasema mwambie ataanza na meli ndogo, na asijione. Kisha akakohoa sana.

Niliporudi jikoni nikamkuta Aune ameketi mezani, penseli mkononi, karatasi nyeupe mbele yake, ile programu ya kijivu imefunguliwa. Kadi kumi na tisa za leo. Nikamwambia mtihani umekwisha, jamani, apumzike hata siku moja.

"Mtihani umekwisha," akasema bila kuinua kichwa. "Januari nitakuwa nimesimama juu ya meli kwenye ukungu."

Nikavuta kiti nikakaa karibu yake. Kadi nyingi zilikuwa zimekomaa: akichora, akigeuza, akibonyeza Sawa, programu ilizipeleka miezi minne mbele, mitano, moja mpaka Agosti. Nilipenda kuona tarehe hizo. Kuna mtu mahali fulani aliandika hesabu inayoamini kwamba Agosti mke wangu atakuwa bado anataka kujua.

Kadi ya mwisho ilikuwa Weller.

Alikaa akaitazama. Jana aliandika nne, mbele ya bodi, kwa wino. Akachora kijani, akaandika 39, penseli ikasita, akaandika mbili na nusu. Akageuza. Nne.

Tulicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa namtazama kidole. Ana barua ya bodi njiani, ana nafasi yake, hakuna mtu duniani atakayemuuliza tena swali hili kwenye karatasi. Akabonyeza Tena.

Programu ikasema itairudisha baada ya dakika kumi. Nikaondoa kikombe changu juu ya meza, nikakipeleka mpaka kwenye sinki, nikarudi kukaa. Tukaisubiri.